Jiwe la Mtemi

Mama alizaliwa kijiji kile, nje kidogo ya Bariadi, lakini kiongozi wa matembezi alikuwa baba, mtu wa Maswa. Alituzungusha kwenye mashamba ya pamba akitueleza habari za watemi wa zamani, ambazo hakuna aliyemuuliza. Alinyamaza mara moja tu, alipokaa kwenye jiwe la njiani kuchomoa mwiba.

Mwishowe akasimama mbele ya jiwe kubwa, akavua viatu. "Hapa ndipo mtemi alipokaa akihukumu watu. Vueni viatu, pigeni magoti, mwamkieni."

Tukapiga magoti watoto wote watano, juu ya mbigili, tukaliamkia jiwe kwa pamoja: "Mwangaluka!"

Bibi mmoja akatoka nyumba ya jirani, akatutazama kwa huruma. "Wajukuu zangu, hilo lina mwaka mmoja hapa. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na mizani zao, mmoja alikuwa mfupi. Alilileta apande juu, asome kilo."

Baba akakohoa, akaanza kutafuta viatu vyake.

Nilimgeukia mama kwa hasira, magoti yakiniuma. "Ulijua?"

"Nilijua. La mtemi ni lile alilokalia baba yenu akichomoa mwiba."