Sifuri Ishirini na Moja

Kwa miaka kumi na saba alikuwa karani wa rejista katika kituo cha afya, kwenye chumba chenye dirisha moja, makabati mawili ya chuma, na meza iliyopachikwa kipande cha ubao chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Wenzake walimwita Mama Majani. Mhudumu mmoja mgeni aliwahi kwenda kwake kuomba majani ya chai, akatoka na somo la hesabu la nusu saa.

Jina hilo lilitokana na michoro yake. Katika semina ya takwimu ya siku mbili alifundishwa mchoro wa shina na majani, na kati ya yote aliyofundishwa, huo ndio uliomkaa kichwani. Namba hukatwa vipande viwili: tarakimu ya mwisho ni jani, zinazoitangulia ni shina. Presha ya 118 ina shina 11 na jani 8. Shina huandikwa mara moja tu, kushoto kwa mstari wa wima; majani yake hupangwa kulia, dogo likitangulia. Baada ya kila kliniki ya wajawazito alichukua namba za juu za presha kutoka kwenye rejista na kuzichora kwa penseli kwenye daftari la vijisanduku. Ukurasa mmoja wa mwanzo wa mwaka wa kisa hiki, ambao bado anao, una wanawake kumi na tisa:

10 | 4 7 9
11 | 0 2 3 3 6 8 8
12 | 1 1 4 5 7 9
13 | 2 6
14 |
15 | 8

Huhitaji kusoma rejista nzima ili uwaone. Wengi wamekusanyika kwenye 11 na 12; ukihesabu hadi wa kumi, aliye katikati, unamkuta kwenye 118; na chini kabisa, mbali na wenzake, yuko mmoja wa 158 ambaye lazima aitwe siku hiyo hiyo.

“Bado unapanda miti tu, mama?” mganga mkuu wa kituo alizoea kumtania. “Kompyuta inachora grafu nzuri za nguzo, tena za rangi.”

“Nguzo zinanionyesha wangapi, daktari. Hazinionyeshi nani kapata ngapi.”

Aliyepima presha alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, muuguzi mcheshi ambaye wajawazito walimpenda kwa sababu hakuwakaripia. Alhamisi moja alimpima pia mpwa wake, yaani binti wa Mama Majani, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na amerudi kwa mama yake kusubiri kujifungua. Kadi yake iliandikwa 120.

Ijumaa asubuhi binti alisema kichwa kinamgonga na viatu vinambana. Mama aliitazama kadi. “Presha yako ni mia na ishirini, mwanangu, hata mimi naitamani. Lala, ni uchovu tu.” Akaenda kazini.

Saa tatu alifungua rejista ya jana na kuanza kuchora. Kwenye shina 12 aliandika jani 0, kisha 0, kisha 0. Aliposhuka na kupanda mashina, penseli ilirudia sifuri ile ile. Alidhani amekosea safu. Akafuta, akafuata kila mstari kwa rula, akaanza upya:

10 | 0 0
11 | 0 0 0 0 0 0 0
12 | 0 0 0 0 0 0 0 0 0 0
13 | 0 0

Wanawake ishirini na mmoja, sifuri ishirini na moja. Kwenye rejista, namba hizo zilionekana za kawaida kabisa, na nguzo za kompyuta zingezimeza bila kelele. Lakini mashine ya presha ya kituo, ile ya kidijitali, husoma tarakimu yoyote, tangu sifuri hadi tisa. Haiwezi kuwapa sifuri watu ishirini na mmoja mfululizo. Namba hizo hazikutoka kwenye mashine. Zilitoka kichwani mwa mtu.

Ndipo alipokumbuka kwamba moja kati ya zile sifuri kumi za shina 12 ni ya binti yake. Alipiga simu ya nyumbani; iliita mpaka ikakatika.

Alimkuta wifi yake akikata pamba katika chumba cha kupimia.

“Wifi, mbona uso huo? Hata chai hujanywa?”

“Jana umepima wangapi?”

“Ishirini na mmoja. Si rejista unayo mwenyewe?”

“Sikuulizi umeandika wangapi. Umepima wangapi?”

Mkasi ukasimama. “Mkanda wa mkono unavuja hewa,” wifi alisema, sauti ikishuka. “Tangu Jumanne. Ni mashine ya pili inaniharibikia mwaka huu, wifi. Ningesema nini mie? Wangenifukuza. Nikawatazama macho, nikawatazama miguu, nikawaandikia za kawaida.”

“Na mwanangu?”

“Si mwanangu pia? Alikuja anacheka, wifi. Wallahi alikuja anacheka.”

Hawakugombana, hapakuwa na muda. Walitoka mbio, mmoja na sare yake ya uuguzi, mwingine na rula mkononi, na watu njiani wakawapisha. Nyumba ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Binti alikuwa ameketi sakafuni jikoni, ameegemea ukuta, viganja vimefunika macho.

“Mama, zima hiyo taa,” alisema.

Hapakuwa na taa iliyowaka.

Walimrudisha kituoni, na katika wodi ya wazazi mkunga alimpima kwa mashine ya mkono, ile ya mshale. Akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, kisha akasema taratibu kama mtu anayehofia kumwamsha mgonjwa: “Mia na sabini na nne.” Aliita gari la wagonjwa kabla hajamvua mkanda. Mama Majani aliwahi kuandika kwenye rejista majina ya wanawake waliopatwa na kifafa cha mimba. Alijua wangapi hawakurudi.

Gari lilipofika, aliweka mguu mmoja ndani, kisha akabaki hapo. Wanawake ishirini wengine walikuwa majumbani mwao na kadi zinazosema wako salama, na namba zao za simu zilikuwa katika rejista yake.

“Nenda na mtoto,” wifi alisema, akilia. “Nitawatafuta mimi. Nimeazima mashine ya wodini.”

Mama Majani alimtazama mwanamke aliyemwandikia binti yake namba ya uongo. Hakuwa na mwingine wa kumpa. Akavua ufunguo wa kabati la rejista shingoni, akampa. “Usiniandikie chochote. Ukimpima mtu, nipigie palepale, ukitaja uliyoiona kwenye mshale.”

“Hata kama ni nzuri?”

“Hasa kama ni nzuri.”

Hospitalini walimpeleka binti chumba cha upasuaji, na mama akabaki kwenye benchi la ukutani. Kila mlango uliofunguliwa ulimnyanyua. Simu ililia mara ya kwanza saa sita. “Mia na kumi na nne, wifi.” Akachora mstari wa wima nyuma ya bahasha ya vipimo na kuweka jani la kwanza. Zikafuata 126, 108, 132. Mmoja alikutwa na 156, akapelekwa kituoni kwa pikipiki. Kufikia saa tisa bahasha ilikuwa na majani kumi na tisa. Mshale ule una vialama vya mbili mbili, hivyo yalikuwa ya shufwa matupu, lakini yalitofautiana kama watu wanavyotofautiana, na yeye aliyapanga upya mara tatu.

Saa tisa na nusu daktari alitoka, barakoa ikining’inia sikioni. “Mama mzima. Presha inashuka. Mtoto mdogo, lakini anapumua mwenyewe.”

Alitaka kujibu, ila simu ililia.

“Bado mmoja,” wifi alisema, akihema. “Simu yake haipatikani. Nimefika kwake, niko mlangoni. Nimegonga, kimya. Viatu vyake viko nje, wifi.”

“Gonga tena.”

“Naogopa.”

“Hata mimi. Gonga.”

Alisikia kiganja kikipiga mbao, mara tatu, mara nne, kisha kwa nguvu zote. Daktari alikuwa bado amesimama mbele yake, akisubiri. Halafu, mbali ndani ya simu, komeo likavutwa, na sauti ya mwanamke iliyojaa usingizi ikauliza, “Nani huyo anataka kunivunjia mlango?”

Mama Majani akakaa chini, sakafuni, si kwenye benchi. “Mpime,” alisema.