Jina la Mama Annapurna

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo, na mvi zote hizi, nikiikumbuka naona aibu. Nilikuwa binti wa Nshamba, nimekuja Bukoba mjini kujifunza ushonaji kwa mjane mmoja wa Kihindi pale mtaa wa Bakoba. Jina lake Annapurna. Kila mchana alipika wali na dengu, na yeyote aliyebisha hodi alipewa sahani kabla yeye mwenyewe hajala.

Siku hiyo alikwenda sokoni kununua nyuzi, akaniachia sufuria. Akaja mzee kutoka Muleba aliyekuwa akimuuguza mkewe hospitali, hajala tangu jana yake. Nikamwambia hakuna chakula. Sikuwa mchoyo, jamani. Unatujua sisi Wahaya: bila ebitoke, ndizi zetu za kupika, hata ushibe vipi, hujala. Wali wa dengu niliuona kitu cha kulishia kuku, nikadhani nitamdhalilisha mzee wa watu. Akashukuru, akaondoka polepole huku akishika ukuta.

Mama aliporudi aliuliza nani kapita. Nikamweleza. Alifunua sufuria, akaitazama, akatoka mbio hadi stendi, kisha hospitali. Hakumpata. Alirudi na vumbi miguuni, sahani yake hakuigusa, nami nikajua nafukuzwa.

Hakunifukuza. Alinikalisha akasema taratibu, "Katika Kisanskriti, lugha yetu ya kale, anna ni chakula, purna ni kujaa. Ndilo jina la mungu wetu wa kike anayelisha watu. Na kule Nepali uko mlima wenye jina hilohilo, mrefu kuupita Kilimanjaro. Theluji yake ikiyeyuka, mashamba ya chini yanapata maji. Nami wazazi wangu walinipa jina hilo, na leo mtu ametoka mlangoni kwangu na njaa."

Mimi ni Mlutheri, mungu yule simwabudu. Lakini hebu fikiria: watu wametazama mlima wa kutisha namna ile, barafu tupu mpaka mawinguni, wakauita kwa jina la chakula. Na jina zito hivyo lilibebwa na mwanamke mfupi aliyeshona sare za shule. Nilimtazama siku ile kana kwamba sijawahi kumwona.

Yule mzee sikumwona tena. Sijui alikula wapi, wala kama alikula.

Basi nakuusia, mwanangu: mwenye njaa usimwamulie. Mpakulie ulichonacho, aseme mwenyewe kama ni chakula au si chakula. Mungu akujalie moyo mwepesi wa kupakua, akuepushe na aibu hii niliyozeeka nayo.