Nilivyolifuata Joto Langu Doha

Nilikwenda Doha kwa sababu ya sentensi moja ya barua pepe: "Daktari, joto lako halipo." Aliyeiandika ni Mwende, Mkenya anayeendesha maabara ya baridi kali huko Qatar. Mimi kazi yangu ni themodinamiki ya kwanta, yaani elimu ya joto katika vitu vidogo kama kichembe kimoja. Nilikuwa nimetabiri kwamba ukikipima kichembe, kule kupima kwenyewe kunakiongezea joto. Utafiti wangu wote umesimama hapo. Mkuu wa idara yangu Dar es Salaam alikuwa ameshaninong'oneza: jaribio likikataa, nihamie kwenye umeme wa jua. Umeme wa jua ni kitu kizuri, ila si changu.

Siku ya kuondoka wenzangu waliniuliza kwa nini nisipige simu tu. Jamani! Simu itanionyesha nini? Hesabu zangu nilizijua, na nilitaka kuona kwa macho yangu zimekwama wapi.

Uwanja wa ndege wa Doha una baridi ya kumtaka mtu ajifunike kanga. Nje, hewa ya moto ikanipiga usoni. Zuhura, mdogo wangu anayefanya kazi hotelini, alinipeleka kwa teksi mpaka Al Wakrah, anakopanga na wenzake.

"Dada, umepanda ndege kuja kutafuta joto? Hapa?" Alicheka mpaka dereva akageuka. "Si ungesema nikutumie kwenye kopo!"

"Cheka tu. Likikosekana nitakuja kutandika vitanda na wewe."

"Thubutu! Hata chako hujui kutandika."

Asubuhi yake nilifika maabara, upande wa Al Rayyan. Mwende alinipa karak, chai ya maziwa na iliki ya huko, uso wake wa msiba. Jokofu lake ni silinda ndefu inayoning'inia kutoka darini, na ndani yake chipu ndogo kuliko ukucha, inayobeba kile kichembe.

"Tumerudia mpaka tumechoka," alisema. "Mstari wa grafu umelala tu. Hakuna kitu."

"Nionyeshe mnavyofanya, toka mwanzo."

"Kwanza tunapima kichembe kikiwa kimetulia, tujue joto la kawaida la mitambo. Halafu tunafanya jaribio lenyewe. Tunatoa lile la kwanza. Kinachobaki ndicho jibu. Kila mtu hufanya hivyo."

"Hapo kwanza, kipimo kinakuwa kimewashwa?"

"Eeh, kinapima kama kawaida. Si lazima hatua zote mbili zifanane?"

"Mwende! Basi joto langu mnalitoa nyinyi wenyewe. Limo kote kuwili!"

Akaweka kikombe chini. Hakukubali. "Na nikizima kipimo, nyaya zake zikapoa kwa kukosa umeme, si utasema tofauti hiyo ndiyo joto lako?" Swali hilo lilinikera, maana lilikuwa zuri. Tulibishana hadi chakula cha mchana, wali na kuku vikapoa, ndipo tukapatana: katika hatua ile ya kwanza nyaya zipate umeme uleule, ila kipimo kitenganishwe na kichembe. Mtambo ukaachwa ufanye kazi hadi kesho.

Jioni, Al Wakrah, nilitembea na Zuhura ufukweni.

"Naogopa," nikamwambia.

"Wewe? Wewe uliyembishia mwalimu wa hesabu darasa zima likanyamaza?"

"Alikuwa amekosea."

"Haya. Sasa unaogopa nini?"

Kesho yake Mwende alinigeuzia skrini. Mstari ulikuwa umeinuka. Haukufika juu nilikotabiri, na sababu yake bado siijui, lakini ulikuwa umeinuka waziwazi.

"Aki ya Mungu, lipo," akasema taratibu. "Na mimi nilikuwa nalifuta kwa mkono wangu."

Nikamkumbatia. Machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi wake, wala sikuona haya.

Nilirudi Dar na zawadi za tende na funzo moja: mtu akikuambia alichokipata, muulize kwanza alichokitoa. Sikuwa hata nimeweka begi chini, mkuu wa idara akanikuta koridoni. Alianza kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa.

"Pole na safari, Daktari. Sasa, ile nafasi ya umeme wa jua..."

"Mpe mwingine, mzee," nikamwambia. "Joto lipo, ila ni pungufu ya nililotabiri. Mimi naenda kutafuta lililobaki."