Kikohozi cha Baba Mkwe

Ninyi wajukuu mnaonung'unika kwamba bafu yangu haina komeo, kaeni chini msome. Mnasema bibi mshamba, hajui faragha. Faragha naijua kuliko ninyi, na siku moja ilikaribia kutuulia mtu.

Wakati ule nilikuwa nafanya usafi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai. Shamba lilikuwa la serikali, likauzwa, akaja mmiliki mpya na meneja wake. Ndiyo miaka ile maduka ya Tukuyu yalijaa ghafla vitu vya nje, sabuni za kila aina, redio, na makopo ya rangi na dawa yaliyopitia mpakani Tunduma, yana maandishi ambayo hata mwenye duka hakuyajua.

Bafuni mwa nyumba ile kulikuwa na beseni la kuogea la tangu ukoloni, la chuma, refu kama hori la ng'ombe, limepakwa ule weupe mgumu kama wa kikombe cha bati. Weupe ulikuwa umebanduka mahali pengi na kutu imeingia. Mke wa meneja akasema yeye haogi humo, litolewe. Lakini beseni liliwekwa kwanza, ukuta ukajengwa baadaye, kwa hiyo kulitoa ilikuwa ni kubomoa. Ikaamuliwa litengenezwe hapo hapo. Fundi aliyeitwa ni baba wa mume wangu.

Hofu yangu ilianzia hapo, kabla ya lolote kutokea. Kwetu Unyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake. Sisemi hamsalimii, nasema hamwoni. Ukisikia anakuja unaingia migombani. Akikukuta njiani unageuka, unajifunika kanga, unainama mpaka apite. Jina lake hulitamki. Jambo hilo tunaliita ukutila, na neno hilo hilo maana yake ni kuogopa. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule kanisani walikuwa wakilikemea, lakini mama mkwe alikuwa mtu wa zamani. Siku niliyoingia kwake aliniambia nikimtazama mzee usoni watoto wangu hawatakua. Sasa nilikuwa na watoto.

Mzee naye alikuwa na adabu zake. Popote alipopita alikohoa kwa nguvu, ili nijue alipo nimpishe. Sauti yake ya kuongea sikuijua. Kikohozi chake ningekitambua hata sokoni.

Siku ya kazi meneja alikuwa kiwandani, mkewe amesafiri, na mpishi alitumwa mjini. Akiondoka alinitania, "Leo unashinda nyumba moja na mkweo. Utajificha wapi, ndani ya oveni?" Sikucheka.

Mzee aliingia kwa mlango wa nyuma, akajifungia bafuni kwa komeo, nisije nikamfungulia kwa bahati mbaya. Mvua ilikuwa inanyesha, ile yetu isiyo na haraka, akafunga na dirisha. Mtunza bustani alikuwa amempelekea jiko la mkaa, maana chuma lazima kikauke kabisa ndipo uzibe mashimo kwa puti na kupaka rangi. Kwanza alipaka dawa ya kopo ya kubandua weupe wa zamani. Harufu yake ikapita chini ya mlango, tamu tamu, ya kuumiza macho.

Nilikuwa napiga deki ukumbini. Nasikia msasa kwenye chuma, kwaru, kwaru. Ukanyamaza. Mzee akakohoa.

Nikajua anataka kutoka. Nikabeba ndoo yangu nikakimbilia jikoni. Hakutoka. Akakohoa tena. Nikahama jikoni nikaingia stoo. Akakohoa mfululizo, nikaanza kuchukia moyoni, mbona mzee leo ananifukuza hivi, anataka nikalale kwenye mvua? Nikatoka mpaka barazani, mbali kabisa, nikasimama na tambara mkononi. Huko nikasikia kikohozi kimoja chembamba, kama cha mtoto. Kikakatika katikati.

Msasa haukurudi.

Nilirudi hadi kwenye ule mlango, nikaupa mgongo, nikagonga. Kimya. Lakini mzee hakuwahi kunijibu neno tangu niolewe. Mtu asiyekujibu siku zote, utajuaje leo hajibu kwa nini? Niliogopa kufungua nikamkuta mzima, na niliogopa nisipofungua. Nikasema na ukuta, "Mwenye kazi humo ndani, hata usiseme, gonga chuma tu."

Hakuna kilichogonga.

Nikasukuma mlango, komeo limekaza. Nikatoka mbio kwenye mvua namwita mtunza bustani. Jembe lake niliona limeegemezwa ukutani, sikumsubiri, nikavunja kioo cha dirisha. Hewa iliyotoka ilinipiga kichwani. Nikaingiza uso kati ya nondo, nikatazama.

Mzee alikuwa amelala ndani ya beseni, magoti yamekunjwa, shavu kwenye chuma. Midomo ilikuwa ile ile ya mume wangu. Miaka yote ile sikujua wanafanana.

Nikamwita baba kwa kwetu, nikasema, "Tata, kohoa."

Mtunza bustani alipiga teke mlango mpaka komeo likang'oka. Tukamshika mikono, mimi upande huu yeye upande ule, tukamburuta hadi kwenye majani, mvua ikimpiga usoni. Nilimtikisa, nikawa narudia neno lile lile, Tata, kohoa. Sikuwa na sala nyingine. Mwisho kifua chake kikaruka, akakohoa, akatapika, akafumbua macho, akaniona. Sikugeuka.

Wengine walisema ni dawa ya kopo, wengine wakasema ni mkaa. Mimi nasema hata komeo lilikuwemo. Beseni alikuja kulimaliza fundi mwingine, dirisha wazi, jiko nje.

Nyumbani mama mkwe alisikia yote, akawatazama watoto wangu mmoja mmoja, akaingia ndani. Tangu hapo mtoto akipata homa kidogo nilikuwa silali, namwekea mkono kifuani kusikiliza. Hofu hiyo ilikaa nami mpaka walipoota ndevu. Walikua wote, na mmoja wao ndiye baba yenu.

Mzee alipopata nguvu alikuja mpaka mlangoni kwangu. Hakukohoa. Nilikuwa namenya ndizi, nikataka kukimbia, akasema, "Kaa, mwanangu. Siku ile nilikuwa nakuita."

Nikamwambia nilidhani ananifukuza.

"Najua," akasema. "Ningekuitaje? Sikuwa nimezoea."

Basi, baba yenu alipomleta mama yenu, babu yenu, mume wangu, naye akaanza kusimama uani na kukohoa kama baba yake, na yule binti akawa anaingia migombani na ndoo ya maji kichwani. Siku ya pili tu niliwakusanya wote, nikampa baba yenu koleo mkononi. Nikasema, "Wewe, ng'oa komeo la bafu sasa hivi, nikiona. Na wewe mzee, ukimtaka mke wa mwanao, mwite kwa mdomo."