Mashavu ya Siku ya Ubatizo

Sogea hapa, wewe mwenye mtoto anayejikuna, nikusimulie. Mpakate, mshikilie vidole vyake kwa upole, wala usilie pamoja naye. Ugonjwa huo nimeishi nao nyumbani, na kabla ya yote nakuambia hivi: upele wa mtoto ni rahisi kuuvumilia kuliko watu wanaokuja kuutazama.

Binti yangu alikuwa bado hajajua kukaa mashavu yake yalipoanza kukwaruza kama ganda la nanasi. Usitafute wekundu. Kwenye ngozi yetu hali hii huanza kwa weusi wa kijivujivu, pakavu, kisha panapasuka na kutoa majimaji. Alisugua uso kwenye shuka mpaka nikawa naamka na kukuta madoa ya damu. Hakulala, na mimi sikulala. Daktari wa watoto alinieleza taratibu, nami nakueleza vivyo hivyo: inaitwa egzema. Ngozi ya mtoto wa namna hii haishiki maji vizuri, inakauka, inawasha. Haiambukizi, haitokani na uchafu, na ina tabia ya kwenda na kurudi. Alinipa vaselini isiyo na harufu ya kumpaka mara kwa mara, na tyubu ndogo ya dawa kwa siku mbaya tu, mahali pabaya tu. Poda, manukato na sabuni za kunukia, vyote vitoke nyumbani.

Hapo ndipo nilipokosana na Bukavu nzima.

Kwetu mtoto akizaliwa, wageni huja na boksi lililofungwa kwa plastiki yenye kelele. Ndani mna sabuni, poda, mafuta, na chupa ya manukato yenye picha ya kitoto cha kizungu kinachocheka. Halafu mgeni hamtazami mtoto, anamnusa. Akikuta harufu ya poda, mama ana akili. Asipoikuta, mama ni mchafu, au mvivu, au amesoma kupita kiasi. Mimi nafundisha sekondari, basi walinipa sifa zote tatu.

Na kila pua ilikuja na udaktari wake. Mmoja alisema maziwa yangu ni makali kwa sababu nilikula sambaza, dagaa wa ziwa letu, nikiwa na mimba, kana kwamba ziwa hili limewahi kulisha mtu kitu kingine. Mwingine alishauri maji ya moto na kusugua kwa wavu mpaka mtoto apige kelele, maana uchafu, alisema, hutoka kwa kilio. Wa tatu aliniuliza kwa sauti ya chini ni jirani gani niliyemsalimia vibaya. Hakuna aliyeuliza kama mtoto amelala.

Lakini wote hao walikuwa mvua ya rasharasha. Radi ilikuwa marene, yaani mama wa ubatizo tuliyemchagua wenyewe. Ni mwanamke wa ofisini, mwenye kucha ndefu na manukato yanayotangulia kuingia nyumbani na kuchelewa kutoka. Ubatizo ulikuwa umekaribia, mpiga picha alikuwa amekwisha kuagizwa, na marene hakutaka kupigwa picha akiwa amebeba mashavu yale. Akateremka soko la Kadutu, akarudi na kikopo cha pomade ya kung'arisha ngozi, isiyo na jina, iliyokorogwa na muuzaji mwenyewe kwenye beseni. Unazijua pomade hizo. Unawajua wanaozipaka: uso umehamia nchi ya mbali, vifundo vya vidole vimegoma kuhama.

Mimi nilikuwa kazini. Kikopo alimwachia mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Nyantende kunilelea mtoto. Mama mkwe ni mtu mwema, ila humwamini yeyote anayevaa viatu virefu. Alipaka, na kwa siku chache tu uso wa mtoto ukawa laini kama yai. Nikauliza mtoto amepakwa nini. Marene, aliyekuwa amekuja kutazama kazi yake, alijibu kabla ya mwingine:

"Tulimuombea tu, maman."

Nikamwambia kwamba sala za siku hizi zina harufu ya ajabu. Mama mkwe aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na kikopo, akakiweka mbele yangu. Hajui kusema uongo, nami nampendea hilo.

Nilimpelekea daktari kikopo kile. Alisema pomade za namna hiyo mara nyingi hutiwa dawa kali, ya kupewa mtu mzima kwa kipimo. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inaimeza na kuipitisha mpaka ndani ya mwili, na hapohapo inazidi kuwa nyembamba. Nikamuuliza: si ni jamaa ya ile ya kwenye tyubu uliyonipa? Akasema ndiyo, kama moto wa kibiriti na moto wa nyumba ni jamaa. Moja ni dhaifu na ina kipimo. Nyingine hakuna anayejua kipimo chake, hata aliyeikoroga.

Tulipoacha pomade ile, mashavu yalirudi mabaya kuliko mwanzo, yakiwa na magamba ya manjano. Daktari akatoa dawa ya kuua vijidudu, na mama mkwe akawa anambeba mtoto aliyekuwa akilia, kwa zamu na mimi. Ubatizo ulikuwa Jumapili ile. Marene alikuja na ushauri wake.

"Umupake tena, mara moja tu, sababu ya photo. Kisha utaacha."

"Atabatizwa na mashavu yake," nilimwambia. "Kama yanakutia haya, angalia kamera, usimuangalie yeye."

Jumapili, baada ya misa, niliweka mlangoni ile ndoo yenye robine, bomba dogo la kunawia, ambayo kila nyumba ya mji huu iliinunua wakati wa magonjwa na sasa inahifadhia maharagwe. Kando yake, sabuni isiyo na harufu. Nikatangaza kwamba atakayetaka kumbeba mtoto anawe kwanza, na busu abaki nalo. Walinuna vizuri sana. Walionawa bila swali kwa kuogopa Ebola sasa walijiona wametukanwa kwa kuombwa wavue manukato. Marene alisimama mbele ya ndoo, mikono kifuani.

"Unatunawisha sawa na wagonjwa?"

Mama mkwe alimpita, akakunja mikono ya blauzi yake, akanawa mpaka kwenye viwiko, kisha akamgeukia.

"Nawa, mwana wangu. Usiku haiko weye unamubebaka, ni sisi."

Marene akanawa. Nikamtandikia kitenge changu kikuukuu cha pamba juu ya gauni lake la dantela ya kukwaruza, nikamweka mtoto juu yake. Ndivyo walivyopigwa picha: kucha, kilemba kinachong'aa, kitenge kilichopauka, na mtoto mwenye mashavu ya magamba, amelala fofofo. Katika picha nyingine zote za siku ile yuko macho. Hiyo ndiyo niliyoitundika sebuleni, na wageni wakiiona huuliza kitenge kile ni cha nini. Namwachia mama mkwe awaeleze.

Mtoto wako ataendelea kujikuna siku nyingine na kutulia siku nyingine, hata ukifanya yote vizuri, na hilo si kosa lako. Ukiona magamba ya manjano, usaha au homa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Na leo jioni mwogeshe kwa muda mfupi katika maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa cha pamba bila kumsugua, kisha mpake vaselini isiyo na harufu mwili mzima ngozi ikiwa bado na unyevu.