Sauti Iliyosimama Katikati ya Uwanja

Kwanza ujue sikuwa nimekunywa. Ilikuwa Jumapili saa kumi jioni, jua la Bariadi bado linachoma, na uwanjani kwangu kulikuwa na watu wengi wanaonifahamu. Ukitaka kuniita mwongo, niite tu, shemeji zangu wamekutangulia. Mimi ni bwana mifugo. Kazi yangu ni kuchanja ng'ombe, si kutunga hadithi.

Mke wangu, Mama Limi, alifariki msimu wa pamba uliopita. Sikulia. Nilisimama makaburini kama mtu anayengoja zamu ya josho, nikarudi nyumbani, nikala. Watu wakasema huyu mwanaume jasiri. Jasiri wapi! Nilikuwa nimekufa ganzi, ndugu yangu, mwili na roho.

Alichoacha ni wimbo mmoja, uliorekodiwa kwenye diski. Alikuwa kwenye kwaya ya kigango chetu, na ubeti wa pili aliuimba peke yake. Nikajiaminisha kwamba nikiusikia ule ubeti sawasawa, kama alivyokuwa akiuimba jikoni, machozi yatakuja. Ndiyo maana nikaingia kwenye mambo ya amplifaya. Nilipanga viroba vya pamba ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi, wanakwaya wakanicheka, eti pamba yangu inasikiliza muziki kabla ya kwenda kiwandani. Mwishowe nikabaki na amplifaya mbili za kuchagua. Moja ya zamani, ya taa za kioo zinazowaka ndani yake, inayongojewa ipate moto kwanza, na sauti yake laini kama maziwa ya mgando. Nyingine mpya, nzito kama jiwe la kusagia, haifichi kitu: mtu akivuta kiti nyuma ya kwaya, unakisikia. Zote nilipewa na fundi nizijaribu, na Jumatatu alitaka moja irudi.

Wiki nzima nilishindwa. Kila nikihamisha waya, sikio limeshaisahau ile ya kwanza. Ndipo jirani yangu Masunga akaniambia, "Wewe Msukuma gani? Ngoma mbili zikishindana si zinachezwa wakati mmoja? Watu wakijaa upande mmoja, maneno kwisha."

Niambie, wewe ungekataa?

Nikatoa nje spika zangu mbili, ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza nikaiunga na amplifaya ya taa, upande wa zizi. Ya pili nikaiunga na ile mpya, upande wa barabara. Nikapima kwa simu ili sauti zilingane, maana inayozidi hata kidogo humdanganya msikilizaji. Wimbo ukaanza pande zote kwa pamoja. Watoto, akina mama wa kwaya, Masunga na filimbi yake, wote wakawa wanakimbilia huku, wanahamia kule, vicheko vitupu. Katikati pakabaki vumbi tu.

Sasa kuna jambo ambalo kila mpenda muziki analijua, na mimi siku hiyo nililisahau. Spika mbili zikiimba sawa, sauti ya mwimbaji haikai ndani ya spika. Inasimama katikati yake, pale pasipo na kitu.

Ubeti wa pili ulipoanza, mke wangu alikuwa amesimama pale.

Hakung'aa wala hakuelea, niamini. Alivaa kitenge kilekile tulichomzika nacho, na nyuzi za pamba zilikuwa zimemnasa kwenye nywele, kama siku anazotoka shambani. Watoto walimpita karibu bila kumkwepa na bila kumgusa. Nikamwendea. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

"Mwadila, Baba Limi," akanisalimu.

"Mwadila," nikaitikia, kama vile ametoka sokoni.

"Mnaniita pande mbili. Niende wapi?"

Ningeweza kumwambia baki hapahapa. Ningeweza kuzizima zote mbili. Lakini nilikuwa nimetoka nje kuchagua amplifaya, na akili yangu ilikuwa bado inachagua. Nikatazama walipojaa watu, nikanyoosha mkono upande wa barabara.

"Haya," akasema. Akaenda taratibu mpaka ndani ya lile kundi, na sikumwona tena. Hapohapo sauti yake ikakatika pande zote mbili. Kinanda kikaendelea. Masunga akapuliza filimbi, akatangaza ile mpya ndiyo mshindi.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nani? Ila huu ubeti wa pili, mbona hauna mtu?"

Jumatatu nikarudisha ile ya taa. Tangu hapo nimejaribu diski yangu, nakala ya mwalimu wa kwaya, hata wimbo uliokuwa kwenye simu ya Limi, binti yetu. Zote ubeti wa pili ni kinanda peke yake. Limi aliniuliza mara moja tu, "Baba, umempeleka wapi mama?" Machozi bado hayajaja. Amplifaya yenyewe ni nzuri, sikudanganyi. Unasikia kiti kikivutwa, unasikia jogoo nje ya kanisa, na kabla ya ubeti wa pili unamsikia kabisa akivuta pumzi. Baada ya hapo hakuna kitu.

Kwa hiyo wewe mwenye sauti ya marehemu wako kwenye kasimu kabovu kanakokoroma, isikilize hivyohivyo. Usiipeleke mashindanoni. Na siku akija kukuuliza aende wapi, mtazame yeye kwanza usoni. Mimi nilitazama watu.