Gari Lililohitaji Jiwe

Jumatatu asubuhi madam alinituma nikafungue banda la nyuma ya nyumba, hapa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, ninapofanya kazi za ndani mwaka wa sita sasa, nilifute vumbi gari la marehemu baba yake. Mnunuzi angekuja Alhamisi. Nikavuta turubai, na ndugu yangu, nikajikuta nimeketi sakafuni. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo la Kiingereza lenye mgongo wa mviringo na taa mbili kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Pacha kabisa wa lile la mkunga wetu kule Lushoto. Nikafungua mlango, nikanusa. Ngozi kuukuu, petroli, na harufu ya magunia makavu. Miaka arobaini ikarudi kwa kupitia puani.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukiona maneno hayajakaa sawa uyapange mwenyewe. Na kampuni iliyolitengeneza siitaji. Nitasema na mabaya ya gari hili, na sipendi kumsema mtu asiyekuwepo.

Kwetu kulikuwa na ukungu hadi saa nne asubuhi. Gari la mkunga ulilisikia kabla hujaliona, likikohoa huko bondeni, nasi watoto tunaacha kuni, tunaacha ndoo, tunakimbilia barabarani. Lilikuwa la kijivu, au labda kijani iliyochoka, sitaki kuapa. Indiketa zake zilikuwa vijiti vinavyochomoza ubavuni, kama mkono wa mtoto anayeomba kujibu darasani. Kijiti cha kushoto kilikuwa kimekwama, hivyo akitaka kukata kushoto mkunga alitoa mkono wake mwenyewe. Ndani mlikuwa na begi lake la dawa, beseni, kanga safi, na mara nyingi kuku aliyepewa kwa asante, amefungwa miguu, anatazama nje kama abiria.

Sasa, gari lile halikuupenda mlima wetu. Likifika kona ya tatu, watoto aliotupakia tulishuka tukatembea nyuma yake, na mmoja wetu alibeba jiwe. Kazi ya mwenye jiwe ilikuwa moja tu: injini ikizimika, breki ya mkono ilikuwa jina tu, kwa hiyo unaweka jiwe nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi bondeni. Mkunga alinichagua mimi. Alinifundisha kwa maneno machache: "Mwenye jiwe haangalii gari. Anaangalia tairi." Bibi yangu alicheka, akasema mjukuu wake amepata kazi ya serikali. Lakini kila jioni alinipakulia makande ya juu, yenye maharage mengi, na hakuwapa wengine.

Alhamisi ikafika. Mnunuzi mwenyewe hakuja, alimtuma fundi wake, Mkenya mmoja kutoka karakana za Industrial Area, na winchi ya kukokotea magari. Ni mtu mcheshi, nisimwonee. Alizunguka gari mara moja, akagonga boneti kwa kucha.

"Siz, hii ni chuma tu," akaniambia. "Bosi wangu ana mkahawa Lusail. Tutaikata katikati. Mbele iwe kaunta ya chai ya karaki, nyuma iende skrepu."

"Mtalikata?"

"Sasa? Nani ataweka hii gari kwa maonyesho? Ingekuwa ya Mmarekani, ile ndefu kama meli, ama ya Mjerumani, hapo tungeongea. Hii ni gari ya mwalimu."

"Ya mkunga," nikasema.

"Hata hiyo ni mbaya zaidi."

Madam alikuwa mlangoni. Ni mama wa makamo, mpole, mwenye haraka. Akaniuliza kwa kile Kiarabu chetu cha jikoni: mbona unabishana naye, wewe unalijua gari hili? Kibarua changu ni sufuria na pasi, siyo magari. Tena swali lilikuwa la haki, lilitaka jibu la haki, kwa hiyo nikaanza na mabaya yote. Nikamwambia linavuja oili, kwetu tulitega kopo chini yake. Nikamwambia rejeta inachemka, taa za usiku zinafifia ukikanyaga klachi, kutu inaanzia chini pasipoonekana, na mlimani linazimika. Fundi alianza kucheka.

"Nyinyi Watanzania! Mimi ndio nanunua, na wewe ndio unaniteremshia bei!"

Nikaona kweli, nimeliua kwa mdomo wangu. Hapo ndipo nilipomweleza madam habari ya siku ile ya mvua.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alishikwa na uchungu mchana, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na barabara ilikuwa tope jekundu tupu. Baba alikwenda kuomba gari kwa wenye magari. Wakubwa wawili walikuwa na magari mazuri, marefu, yanayong'aa. Mmoja alisema tope litaharibu rangi. Wa pili, kwa haki, huenda hakuwepo nyumbani kweli. Mkunga alisikia kwa majirani tu. Alikuja. Tukampakia mama nyuma tumpeleke hospitali, bibi akaketi karibu naye na kikapu cha viazi vya kuchemsha, na mimi nikatembea nyuma na jiwe langu. Kona ya tatu, gari likakohoa, likazimika, likaanza kurudi. Mkunga akapiga kelele neno moja: "Jiwe!" Sikuangalia gari. Niliangalia tairi. Nikaweka, nikasikia mpira ukikanyaga jiwe, jiwe likazama vidole viwili kwenye tope, gari likasimama. Na palepale, mvuke wa rejeta ukipanda na mvua ikishuka, mdogo wangu wa kiume akazaliwa kwenye kiti cha nyuma. Baadaye mkunga aliketi pembeni ya barabara, kanga imeloa, akala viazi vitatu.

"Kwa hivyo ilizima!" fundi akasema.

"Ilizimika," nikamjibu. "Lakini ilikuja. Yale mazuri hayakuzimika mlimani kwa sababu hayakuja."

Fundi akajikuna shingo. Madam naye akalisogelea gari. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema baba yake alimpeleka shule kwa gari hili, na wenzake walishushwa na magari makubwa ya Kimarekani, naye akawa anamwomba baba amwache kona, mbali na geti. Kila siku, miaka mitatu. Baba hakuuliza sababu. Madam akashika kitasa cha mlango, akasema, kama anajisemea, kwamba yule mzee alijua. Halafu akamgeukia fundi: si leo.

Tangu siku hiyo nimewaza sana, ingawa huenda nakosea. Nadhani bei ya gari la kale hupangwa na watoto. Mtoto aliyetamani gari akiwa nje ya kioo, akikua tajiri analitafuta kwa gharama yoyote. Haya madogo hakuna aliyeyatamani, tulikuwa ndani yake. Tulipanda na kuku. Na sisi tuliobebwa nayo, wengi wetu hatukuwa matajiri, tupo kwenye majiko na mageti ya watu, hakuna anayetuuliza bei. Basi wasituambie hayana thamani. Waseme hawakuulizwa waliobebwa.

La mkunga halipo tena. Baada ya kufa kwake liliuzwa vipandevipande, na mlango wake mmoja niliukuta ni mlango wa banda la kuku kwa jirani, na kitasa bado kinafanya kazi. Bibi ametangulia. Barabara imewekwa lami, magari yanapanda kona ya tatu kama hayajui pana kona, na watoto wa siku hizi ukiwaambia kuhusu jiwe wanakutazama tu. Nafurahi kwa lami, nisiwe mwongo. Kinamama hawazalii tena njiani. Lakini hakuna mtoto kule anayejua uzito wa gari zima ukitulia mkononi mwake.

Jana fundi alipita tena, kuona kama madam amebadili mawazo. Aliinama, akatazama nyuma ya gurudumu la gari bandani mwetu. Nilikuwa nimeweka tofali.

"Siz," akasema, "Doha yote ni tambarare kama sinia. Hii gari inaenda wapi?"

"Haiendi popote," nikamwambia, nikaenda kumchemshia chai.